Mwaka Niliopanda Darini

Habari ya kifo cha Mama Yosefina ilinikuta sokoni, nikichagua makayabo, samaki wa chumvi. Mpwa wake, yule anayeshuka kutoka milimani Kpandroma na magunia ya viazi barabara inapokuwa tulivu, alinivuta pembeni, mbali na kelele za wauzaji, akaniambia kwamba walimzika wiki iliyopita. Watu walikuwa wachache, alisema, kwa sababu wengi waliogopa kusafiri, na mvua ilinyesha tangu asubuhi. Hakuniuliza kwa nini sikuwapo. Aliongeza tu kwamba katika siku zake za mwisho shangazi yake alikuwa akiuliza habari za mtoto wa Bigo, mtaa wetu wa hapa Bunia, nao walidhani anachanganyikiwa, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyemjua mtoto huyo. Mimi nilimjua. Nilimshukuru kijana, nikasahau samaki niliokuwa nimeshawachagua, nikatembea hadi nyumbani kwa miguu ingawa pikipiki zilikuwa zinasimama mbele yangu kila mara.

Nyumba ninayokaa hadi leo ndiyo ile ile niliyoingia nikiwa bibi arusi. Sitaeleza hapa jinsi nilivyoolewa wala nilivyotoka Butembo. Hayo yalikwisha kabla ya mwaka ninaotaka kuusimulia. Mwaka wenyewe ulianza nilipotoka hospitali ya Nyankunde na mtoto mdogo sana, aliyezaliwa kabla ya wakati wake, nimemfunga kifuani ndani ya vitenge viwili. Mume wangu, Kambale, alikuja kutuchukua, akatufikisha Bigo, akakaa siku chache akipokea pongezi za watu, kisha, Januari ile ile, akarudi Kampala kwenye biashara yake. Nilibaki katika nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma, iliyokuwa bado inanuka saruji na gundi ya tripleksi, zile mbao nyembamba za dari. Sebuleni kulikuwa na viti vilivyofunikwa nailoni. Mabati juu yetu yalikuwa mapya, na kila aliyepita njiani aliyasifu. Mimi nilikuwa na miaka ya kutosha kuitwa mama, lakini kila nilipofunga mlango jioni nilijiona kama mtu aliyeachwa kulinda nyumba ya wengine. Nilikuwa nikipika sombe, majani ya muhogo, ya kutosha watu wanne, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa kupika, halafu nakula nimesimama jikoni, na iliyobaki nawapa kuku wa jirani.

Kilichotushinda mapema kilikuwa joto. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na kuanzia saa nne asubuhi mabati yalianza kulia, ta, ta, yakitanuka juani. Ikifika saa sita, ukisimama chumbani ungehisi kama mtu amekuwekea sahani ya moto juu ya kichwa. Dari ya tripleksi haikuzuia kitu. Ukiigusa kwa mkono, ilikuwa ya moto kabisa. Yoshua, mtoto wangu, alijaa vipele shingoni na mgongoni, akawa anakataa ziwa mchana kutwa, analia kilio chembamba kisichokuwa na nguvu. Siku moja mwili wake ulichemka, macho yakageuka, nikakimbia naye kituo cha afya bila viatu. Muuguzi alimpoza kwa kitambaa chenye maji, akampa dawa, akaniuliza tunalala wapi. Nilipomweleza, alisema mtoto mdogo namna ile hawezi kukaa katika chumba cha namna ile, na kwamba homa ikirudi mara nyingine, yeye hawezi kuniahidi lolote. Alisema kwa upole, akiandaa sindano ya mtu mwingine. Hata leo nikimkumbuka, nakumbuka mgongo wake.

Nyuma ya kiwanja chetu kulikuwa na kijumba cha udongo kilichoezekwa nyasi, na humo alipanga mwanamke mmoja mtu mzima, mrefu, mwenye kovu juu ya jicho. Watu walisema ni mkimbizi wa kutoka Djugu, upande wa Kpandroma, ambako nyumba zilichomwa vitani, na hawakusema zaidi. Tulikuwa tumesalimiana juu ya ua, basi. Siku niliyorudi kutoka kituo cha afya alikuwa amesimama pale kwenye ua kana kwamba alikuwa ananingoja. Aliniambia, "Leta mutoto huku. Ile nyumba yako iko kama tanuru ya matofali." Nikapita kwenye pengo la ua nikaingia kwake. Kulikuwa na kitanda cha miti, chungu, mukeka, na giza zuri lenye baridi. Nilimlaza Yoshua kwenye mukeka, akalala usingizi ambao hakuwahi kulala mchana tangu tutoke hospitali. Mama Yosefina alinipa maharage na viazi katika sahani ya bati, akaketi mlangoni akisuka kamba. Tangu siku ile mchana wetu ulikuwa kwake. Nikifikiria sasa naona ilikuwa jambo la kushangaza: mimi mwenye nyumba iliyosifiwa, nimekimbilia kwa mtu ambaye nyumba yake mwenyewe ilichomwa moto. Wakati ule sikushangaa. Niliona tu kwamba mtoto analala.

Nilimweleza Kambale kwa simu, na yeye, sitamnyima haki yake, hakupuuza. Baada ya muda lori la wafanyabiashara liliniletea kutoka Kampala mizigo ya karatasi ya alumini, ile inayong'aa kama sufuria mpya, iliyokunjwa kama mazulia. Kambale alieleza kwamba huko wanaiweka chini ya mabati, inarudisha joto lilikotoka. Akaniambia nisiiguse, nisimpe fundi yeyote, yeye mwenyewe angekuja Pasaka kuifunga, kwa sababu mafundi wa Bunia wangeiharibu. Nikaipanga mizigo ile sebuleni, nyuma ya viti vya nailoni. Wageni waliokuja waliiuliza, nami nikajibu kwamba baba Yoshua anakuja Pasaka. Nilikuwa nasema hivyo kwa fahari kidogo. Pasaka ilipokuja, nilifua mapazia, nikachinja kuku. Mchana simu ililia, akasema kuna mzigo mpakani, labda mwezi ujao. Yule kuku tulimla mimi na Mama Yosefina.

Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza, lakini jua linalotangulia mvua, anayeijua Bunia atanielewa, ni kali kuliko la kiangazi. Kijumba cha Mama Yosefina kikaanza kuvuja, mukeka ukawa unalowa, na Yoshua akaanza kukohoa. Hakukuwa tena na mahali pa kumpeleka mchana. Nilimwita fundi Tibo, seremala aliyepigilia dari yetu, nikamwomba afunge ile alumini. Tibo alikuwa mtu mwema, alipanda akachungulia, akanieleza yanayotakiwa: karatasi ipigiliwe chini ya mbao za paa, isiguse mabati, ibaki nafasi ya upana wa kiganja, isivutwe sana, na pale vipande vinapokutana kimoja kilale juu ya kingine. Lakini aliposhuka alisema hawezi kuanza bila neno la muzee. Kambale alikuwa amempigia na kumkataza. Niliposisitiza, alitazama viatu vyake, akaomba radhi, akaenda.

Nilikaa sebuleni nikiiangalia mizigo ile mpaka Yoshua alipoamka akilia. Kesho yake asubuhi nilivaa suruali ya zamani ya Kambale, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaweka meza koridoni na kiti juu ya meza, nikasukuma kifuniko cha tundu la dari. Mama Yosefina alishika kiti kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine. Aliniuliza kama nimewahi kupanda juu ya nyumba, nikasema sijawahi. Akasema, "Basi kanyaga mbao tu. Usikanyage plafo, hii dari, utatuangukia." Hilo ndilo fundisho lote nililopewa.

Darini kulikuwa dunia nyingine. Mwanga uliingia kwa nyuzi nyembamba kwenye mapengo ya ukingo wa paa, na vumbi lilicheza ndani yake. Kulikuwa na vipande vya mbao walivyovisahau mafundi, kiatu kimoja cha mtoto ambacho sikujua kilifikaje, na kinyesi cha popo. Katikati, chini ya kilele cha paa, niliweza kupiga magoti. Pembeni ilibidi nilale kwa tumbo. Nilikuwa nafanya kazi asubuhi tu, kabla ya mabati kupata moto, nikisukuma mzigo wa alumini mbele yangu kutoka ubao hadi ubao, naukunjua, napigilia misumari juu ya vipande vya ndala za zamani ili karatasi isichanike. Vidole vilichanika, na shingo iliniuma hadi nikashindwa kugeuka kanisani. Lakini niligundua kitu ambacho sikukitarajia. Kule juu sikuwa mpweke. Chini niliisikia sauti ya Mama Yosefina, ambaye mbele ya watu alikuwa hasemi, akimwongelesha Yoshua bila kukoma. Alimweleza habari za nyumba yake ya Kpandroma, baridi ya asubuhi huko, jinsi maharage yanavyochanua, jina la ng'ombe wake, majina ya watoto wake wawili ambao hakuwahi kunitajia. Alivyoyasema majina yale nilielewa kwamba hawapo tena. Niliacha kugonga nyundo ili asikumbuke kwamba niko pale. Sikumwambia kamwe kwamba nilisikia.

Nilikuwa nimefika juu ya sebule wakati wifi yangu Zawadi, dada wa Kambale aliyekuwa na duka mjini, alipokuja na rafiki yake wa kanisani. Nilisikia hodi, kisha Zawadi akiuliza niko wapi. Mama Yosefina alijibu kwamba niko juu. Zawadi alielewa kwamba nimepanda mjini, kwa kuwa kwetu kwenda mjini ni kupanda, akasema watapumzika kidogo waningoje. Viti vya nailoni vilipiga kelele wakikaa. Kisha, kwa kuwa aliyekuwa mbele yao alikuwa mkimbizi tu wa Djugu aliyeshika mtoto, wakaanza kuzungumza Kinande, lugha ya kwetu, bila kushusha sauti. Walisema mtoto bado ni mdogo. Walisema yule mwanamke wa Kampala amezaa mtoto mnene, na kwamba Kambale amempangia nyumba karibu na stoo yake. Rafiki aliuliza kama mimi najua. Zawadi alijibu kwamba sijui, na kwamba si kazi yake kuniambia. Kaka yake mwenyewe atakuja Noeli, atanipeleka Butembo nikakae kwa mama mkwe, na nyumba hii itapangishwa. Alisema hayo kwa huzuni, nadhani, hakuwa mtu mbaya. Halafu wakaongea habari za bei ya sukari.

Nililala juu ya ubao, upande mmoja wa uso wangu ukigusa alumini. Jua lilikuwa linapanda, na mabati yalikuwa yameanza kulia. Nyundo nilikuwa nimeishika mkononi na sikuweza kuiweka chini, kwa sababu ingetoa sauti. Jasho lilinitiririka machoni na sikulipangusa. Nilikuwa namngoja mtu huyu tangu Januari. Nilikuwa nimefua mapazia kwa ajili yake. Na mtaa mzima, kuanzia dukani hadi kanisani, ulikuwa unajua kitu ambacho mimi nimekuja kukisikilizia darini kama panya. Walikaa hadi wakachoka, wakamwacha Mama Yosefina na salamu na mfuko wa mandazi, wakaenda.

Niliposhuka nilikosa kiti, Mama Yosefina akanidaka kiunoni. Alinitazama uso uliojaa vumbi na jasho, akanipa maji. Akaniambia, "Lugha yao mimi siisikie. Lakini niliangalia namna banaangalia mutoto." Nilikunywa maji yote, nikamnyonyesha Yoshua, na alipolala nikapanda tena. Mama Yosefina alisema joto litaniua huko. Nikamwambia imebaki sehemu ndogo. Haikuwa ndogo, lakini niliimaliza sebule siku ile ile, nikigonga kila msumari kwa nguvu kuliko ulivyohitaji, na hapo nikalia, maana nyundo ilikuwa inafunika sauti.

Kazi ilipokwisha, chumba chetu kilibadilika. Siwezi kusema kilikuwa na baridi, lakini saa sita mchana niliweka mkono kwenye dari na ilikuwa vuguvugu tu. Yoshua alilala kitandani mwake mchana kwa mara ya kwanza. Mimi na Mama Yosefina tulikaa kwenye sakafu ya chumba kile, tumeegemea ukuta, tukila mchicha wa lengalenga na viazi, tukimsikiliza akipumua. Nilidhani mambo yamekwisha. Mvua kubwa zilipokuja, asubuhi moja niliona doa juu ya kitanda, kisha jingine, kisha matone yakaanza kudondoka, ingawa mabati yalikuwa mazima. Harufu ya ukungu ikajaa nguo. Kikohozi cha mtoto kikarudi. Niliona kama nyumba yenyewe imekataa mkono wangu.

Nilikwenda mwenyewe kwa fundi Tibo, nikamkuta anapiga randa nje ya kibanda chake. Akaanza tena habari ya neno la muzee. Nilimwambia, "Mwenye nyumba ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Hakuna mwingine." Nilisema polepole, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nililisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu. Tibo aliweka randa chini, akachukua tochi. Darini alikaa muda mrefu. Aliposhuka alisema karatasi imepigiliwa vizuri, lakini nilikuwa nimeziba kwa magunia mapengo yote ya ukingo wa paa, kwa kuwaogopa popo. Mvuke wa jiko na wa pumzi zetu ulikuwa unapanda, unakutana na alumini iliyopoa usiku, unageuka maji, na hauna pa kutokea. "Nyumba inapumua, Mama Yoshua," alisema. "Weye uliifunga pua." Tulitoa magunia, tukaweka wavu wa chuma mahali pake, na kwenye kuta mbili za pembeni, juu kabisa, Tibo alibomoa matofali machache akaweka mengine yenye matundu. Mimi nilimpokeza vifaa na nilijenga matofali mawili ya mwisho kwa mkono wangu. Jioni ile nilipanda nikakaa gizani darini, nikahisi upepo unaingia upande mmoja, unapita usoni mwangu, unatokea upande mwingine. Madoa yalikauka. Yamebaki mpaka leo, ya rangi ya chai, sikuwahi kuyapaka rangi.

Kambale alikuja kabla ya Noeli, kama wifi alivyosema. Alifika mchana wa jua kali, akavua koti, akajilaza chumbani, akalala hadi jioni. Alipoamka aliuliza nani amefunga ile alumini. Nikasema ni mimi. Alicheka, kisha akaona sicheki, akachukua tochi akapanda. Nilisikia magoti yake yakisogea juu ya kichwa changu kwa muda. Alishuka na vumbi kwenye suruali yake nzuri, akanawa mikono. Baada ya chakula alianza kueleza jinsi Butembo kulivyo na hewa nzuri kwa mtoto, na jinsi mama yake anavyomtamani mjukuu. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Najua habari ya Kampala. Nenda kaishi na mtoto wako wa huko, anakuhitaji. Mimi na Yoshua tunabaki hapa. Ukitaka kupangisha nyumba hii, utaipangisha na siye tukiwa ndani." Alitazama mlango, akatazama dari. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, nadhani, lakini yote yalikuwa ya kumwambia yule mke wa Januari, si mimi wa sasa. Baada ya mwaka mpya aliondoka, na hakutuma mtu kunitoa. Hatujawahi kugombana tena. Humpigia mwanawe simu siku za sikukuu.

Nilidhani Mama Yosefina angehamia kwangu. Chumba cha pili kilikuwa tupu, na nilikuwa nimemtandikia kitanda. Alikuja akakiangalia, akaweka mkono kwenye dari kama nilivyozoea kufanya mimi, akasema ni kazi nzuri. Lakini watu wa kwao walikuwa wameanza kurudi, milimani kulikuwa kumetulia kwa wakati ule, na alisikia kwamba shamba lake halijachukuliwa. Nilimwomba abaki. Nilimwambia huko hakuna nyumba, hakuna mtu. Alinijibu, "Hata weye ulikuwa na nyumba bila mutu. Ukaingia ukaitengeneza." Aliondoka asubuhi juu ya lori la wauza viazi lililokuwa linarudi tupu, amekaa juu ya mzigo wake, ameshika mabati mawili niliyompa. Hakupunga mkono, maana mikono yote ilikuwa imejaa. Mimi nilirudi ndani na mtoto mgongoni, nikakaa katika nyumba isiyo na joto tena, na kwa wiki nyingi nilikuwa bado naongeza viazi viwili kwenye chungu. Tulionana tena mara chache tu. Halafu milima ilichafuka upya, barabara ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa.

Jioni niliporudi kutoka sokoni bila samaki, Yoshua alikuwa mezani na vitabu vyake. Amekuwa mrefu, anajiandaa kwa mtihani wa kumaliza sekondari, na kifua chake hakina shida yoyote. Aliona uso wangu akauliza nani amekufa. Nikamtajia jina. Alijaribu kukumbuka, akashindwa, akauliza kwa heshima alikuwa nani kwetu. Nilitafuta neno kwa Kiswahili, nikatafuta kwa Kinande. Hakuwa bibi yake, wala shangazi, na jirani ni neno dogo. Nikamwambia, "Nilipokuwa juu, yeye ndiye aliyekuwa amekushika."

Hakuelewa, basi nikakaa nikamsimulia, kuanzia Nyankunde. Chakula kilichelewa sana siku hiyo. Nilipomaliza aliuliza kaburi liko upande gani wa Kpandroma. Nikamwambia sijui, sikuuliza, nilikuwa nimeduwaa. Akafunga kitabu chake, akauliza yule kijana wa viazi anarudi sokoni lini.